Sufuria moja kwa nyumba nzima: pire ya viazi na nyama ya bata mzinga, yenye mafuta kidogo



Mara mingi katika masomo haya tunazungumza mambo ya shamba: mbegu, mbolea, mildiu, ghala. Leo tunaingia jikoni. Sababu ni swali la mama mmoja, memba wa koperative ya viazi huko milimani, aliyetungojea nyuma ya mkutano wa mavuno. Kituo cha afya kilimwambia bwana yake kwamba tansio iko juu, apunguze mafuta na chumvi. Tangu siku ile mama anapika sufuria mbili: moja ya watoto, yenye mafuta, na moja ya mzee, ya kuchemsha tu. Makala yanaisha mbio. Tena mzee anakula peke yake, chakula bila ladha, na nyuma ya juma mbili alirudia sufuria ya watoto. Mama akatuuliza: «Je, hakuna chakula kimoja ambacho sisi wote tunaweza kula?»

Kiko. Na vitu vyake vingi tayari viko katika mashamba yenu. Tulikipika pamoja na kikundi cha akina mama, na haya ndiyo tuliyojifunza.

1. CHAKULA HIKI NI NINI?

Ni nyama iliyosagwa, ikapikwa na mboga, kisha ikafunikwa na pire ya viazi mviringo (biraya) na kuchomwa kidogo mpaka juu inakuwa rangi ya kahawia. Wafaransa na Wabeleji wanakiita hachis Parmentier. Parmentier alikuwa mfamasia wa jeshi la Ufaransa, aliyeishi toka 1737 mpaka 1813. Alipokamatwa mateka vitani, Waprussia walimlisha viazi gerezani. Wakati ule watu wengi wa Ufaransa walidhani viazi ni chakula cha nguruwe tu, wengine walisema vinaleta magonjwa. Yeye alitoka gerezani mzima, akapigania viazi maisha yake yote.

Waingereza nao wako na chakula kama hiki, wanakiita chakula cha mchungaji, juu ya nyama ya kondoo inayowekwa ndani. Huko Marekani, familia nyingi zinazotaka kupunguza mafuta zinaweka nyama ya bata mzinga (dindo) pahali pa kondoo ao ngombe. Na kweli, viazi na bata mzinga vyote viwili vilitoka Amerika mbele ya kufika kwetu.

Kwetu dindo anauzwa zaidi wakati wa Noeli na Bonane. Mwenye kufuga anaweza kuacha mmoja kwa nyumba yake. Asiye naye atumie kuku, namna ya kupika ni ile ile.

2. MAFUTA YANAJIFICHA WAPI?

Jina la bata mzinga peke yake halipunguzi mafuta. Ukisaga nyama pamoja na ngozi yake, unaweza kupata mafuta kupita yale ya nyama nzuri ya ngombe. Tunapashwa kutazama pahali pane:

- Ngozi, na mafuta ya manjano karibu na mkia. Toa yote mbele ya kusaga.
- Mafuta ya kukaangia. Wengi wanamimina kwa macho, hawapimi.
- Siagi ao majarini ndani ya pire.
- Mchuzi wa mifupa. Uache upoe, mafuta yatapanda juu, uyatoe na kijiko.

Tufanye hesabu. Kijiko kimoja cha supu cha mafuta kina gramu karibu 14. Mpishi akiweka vijiko 5 katika nyama, kisha gramu 100 za siagi katika pire (siagi ina mafuta karibu gramu 80 katika kila gramu 100), jumla ni gramu 150. Tukigawa kwa watu 6, kila mtu anakula gramu 25 za mafuta ya kuongeza, mbali na yale ya nyama. Katika namna tunayowafundisha leo tunaweka kijiko kimoja tu kwa sufuria nzima: kila mtu anapata gramu 2 na kidogo. Shibe haipungui, kwa sababu viazi, nyama na maharage viko pale pale.

3. VITU VYA KUTAYARISHA (watu 6)

- Viazi mviringo kilo 1 na nusu
- Nyama ya bata mzinga bila ngozi, gramu 500
- Maharage yaliyokwisha kuiva, kikombe kimoja
- Karoti 3, vitunguu 2, pwaro 1, nyanya 3
- Tangawizi, kitunguu saumu, majani ya seleri
- Mafuta, kijiko kimoja cha supu
- Maziwa, nusu ya glasi
- Chumvi, kijiko kimoja cha chai, kisijae kupita ukingo, kwa chakula chote
- Ndimu moja

Msiongeze kubu ya supu. Ile kubu ni chumvi zaidi kuliko kitu kingine. Shirika la afya la dunia (OMS) linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, maana yake kijiko kimoja cha chai. Ladha tutaipata katika tangawizi, seleri na ndimu.

4. NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, viazi. Osha, chemsha pamoja na maganda yake mpaka viive, kisha menya vikiwa vya moto. Ukivimenya mbele ya kuchemsha, vitamini C nyingi inapotea katika maji.

Pili, nyama. Kama hakuna mashini ya kusaga, katakata na kisu kikali mpaka inakuwa ndogo sana. Kazi hii ifanyike juu ya ubao wake peke yake, na mikono ioshwe na sabuni mbele ya kugusa mboga. Nyama ya ndege ikiwa mbichi inaweza kubeba vijidudu vya kuhara.

Tatu, mboga. Weka kijiko kile cha mafuta katika sufuria, kaanga vitunguu na pwaro. Vikishika chini, ongeza maji kidogo, usiongeze mafuta. Tia karoti zilizokatwa ndogo, kitunguu saumu na tangawizi.

Ine, changanya. Tia nyama, koroga ili isigandamane, mpaka hakuna pahali palipobaki na rangi ya damu. Tia nyanya, nusu ya chumvi na kikombe cha mchuzi wa mifupa uliotolewa mafuta. Ponda nusu ya maharage, uyatie yote. Nyama isiyo na mafuta inakauka mbio. Maharage na nyanya ndivyo vinaifanya ibaki laini. Acha ichemke polepole dakika 20, mchuzi ukuwe mzito. Mwisho kamulia ndimu.

Tano, pire. Ponda viazi na maziwa ya moto na chumvi iliyobaki. Hapa tuliharibu mara ya kwanza. Tuliponda katika kinu kwa nguvu na kwa muda mrefu, pire ikawa kama gundi. Viazi vikipondwa kupita kiasi, wanga unatoka na kunata. Ponda kidogo na mwiko, vikilainika acha. Tena chagua aina ya viazi inayovunjika kuwa unga ikiiva. Ile inayobaki ngumu iwe ya kukaanga ao ya supu.

Sita, kuchoma. Tandaza nyama chini ya sufuria pana, funika na pire, kwaruza juu na uma. Asiye na tanuri aweke sufuria juu ya mbabula yenye moto mdogo, afunike na kifuniko cha chuma, apange makala yenye moto juu ya kifuniko. Nyuma ya dakika 20 hivi, pire itageuka rangi. Acha ipoe kidogo mbele ya kugawa.

5. WAKATI WA KUGAWA: SOMO LENYEWE

Ndugu wanamemba, hapa musisome mbio. Chakula chepesi si dawa ya kila mtu. Mtoto mdogo, zaidi yule wa miezi 6 mpaka miaka 2, tumbo lake ni dogo na mwili wake unakomaa. Yeye anahitaji mafuta. Mtoto aliyekonda, ao anayetoka katika matunzo ya utapiamlo, anayahitaji zaidi. Kupunguza mafuta ya nyumba nzima juu ya tansio ya baba ni kumnyima mtoto.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: mafuta yasiingie katika sufuria, yaingie katika sahani ya yule anayeyahitaji. Sufuria ni moja, nyepesi. Mama akigawa, anatia kijiko kidogo cha mafuta ya ngazi katika sahani ya mtoto na kukoroga. Sahani ya mzee inabaki vile ilivyo. Wote wanakaa pamoja, makala yanatumika mara moja.

Mgonjwa wa tansio aendelee na dawa zake. Chakula kinasaidia, hakichukui nafasi ya dawa. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize muganga mbele ya kula viazi vingi.

6. MAMBO YA SHAMBA NA GHALA

Chakula hiki kinapenda viazi vidogo, vile ambavyo mnunuzi anaviacha wakati wa kuchagua. Lakini angalieni: kiazi kilichogeuka kijani kina sumu, na kuchemsha hakuitoi. Kikiwa kijani sehemu kubwa, ao kikiwa kichungu, kitupwe. Kinga yake ni rahisi: funika viazi shambani na udongo wa kutosha, weka ghala lenye giza na hewa, usiviache juani sokoni kutwa nzima.

Kwa bata mzinga, chinja mnyama mzima wa afya. Ndege aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe wala asiuzwe, achomwe ao azikwe kwa kina. Na kama unafuga dindo na kuku, usiwachanganye katika banda moja, kwa sababu kuku anaweza kubeba ugonjwa usiomuumiza yeye lakini unaoua dindo.

7. KAZI YA KIKUNDI

Mbele ya mkutano ujao, fanyeni haya:

1. Kila memba apime mafuta yanayoingia katika sufuria yake siku moja, kwa kijiko, na aandike.
2. Gawa hesabu kwa idadi ya watu wa nyumba.
3. Zungumzeni: nani katika nyumba anahitaji mafuta zaidi, na nani anapashwa kupunguza? Sasa hivi nani anapata?

Yule mama tuliyemtaja alipika siku ile pamoja nasi. Alibeba sehemu yake nyumbani katika sahani iliyofunikwa. Tulipokutana tena sokoni, hakutuambia habari ya tansio, maana ile inapimwa kituoni. Alituambia tu kwamba mbabula moja inatosha, na kwamba mzee anakula pamoja na watoto.

Tuko pamoja. Kazi njema shambani na jikoni.