Februari ya kupandisha: majibu kwa wanaosita kutumia mrija



Majani yamejaa Usangu, Chunya na Isimani, na ng'ombe waliokonda kiangazi wamerudisha mwili. Huu ndio wakati wa kupandisha. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi: anayepandishwa Februari 20 atazaa karibu na Novemba 30, mvua zikianza, mama apate malisho ya kutoa maziwa na ndama apate nguvu kabla ya ukame.

Wafugaji wa maziwa wa Rungwe wameuzoea uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija wa mbegu. Wenye ng'ombe wa nyama wengi wao bado wanasita kuutumia, na hoja zao zinastahili majibu, si kejeli.

"Mrija huzaa madume tu." Mbegu ya kawaida hutoa madume na majike karibu nusu kwa nusu, sawa na dume wa zizini. Hata hivyo, kwako wewe ndama dume ni mali: ni maksai wa kulima mpunga Mbarali, au ni kilo za kuuza mnadani.

"Ndama atakuwa mkubwa, mama atakwama." Hofu hii ina msingi. Usimpandishe mtamba wa kienyeji kwa mbegu ya Charolais au Simmental. Anza na Boran, ng'ombe wa Afrika Mashariki anayestahimili jua na safari ndefu za malisho. Mtamba aliyedumaa asubiri akue.

"Chotara hawaishi." Muuaji mkubwa wa ndama ni ndigana kali, na anayeileta ni kupe. Kama josho la kijiji limekauka na huna dawa ya kuogesha, anza na hilo kabla ya kununua mbegu. Muulize pia daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya ndigana kali.

"Tulipandisha, hakushika." Mara nyingi kosa ni la saa. Joto la ng'ombe wa kienyeji ni fupi na huweza kuja usiku. Anayeliona kwanza ni mchungaji, na mara nyingi hakuna aliyemweleza la kutazama. Mfundishe: ng'ombe anayesimama tuli akipandwa na wenzake, mwenye ute angavu unaoning'inia, yuko tayari. Akaguliwe alfajiri na jioni. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Mchungaji awe na namba ya mhimilishaji, na ndama akizaliwa apate zawadi yake.

"Mhimilishaji yuko mbali, na gharama ni kubwa." Jiungeni majirani. Kwa sindano za kuchochea joto, ng'ombe wengi huingia kwenye joto kwa pamoja, mhimilishaji akaja safari moja na nauli mkagawana. Lakini kila ng'ombe apimwe mimba kwanza, maana sindano hizo zinaweza kuitoa mimba aliyonayo. Madume dhaifu wahasiwe mapema, la sivyo watawahi kupanda wao. Dume wa kuazimana pia husambaza magonjwa ya uzazi, na ng'ombe wakaanza kutupa mimba.

Mhimilishaji akifika, hakikisha mbegu imetoka kwenye mtungi wenye naitrojeni ya kutosha, kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikiyeyuka njiani, umelipia maji. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River, Arusha, ndicho chanzo kikuu cha mbegu nchini. Muulize mhimilishaji wako yake imetoka wapi.

Baada ya kupandisha, mtazame ng'ombe kuanzia siku ya 18 hadi ya 24. Joto likirudi, hakushika. Mwite mhimilishaji tena. Likikosekana, apimwe mimba baada ya miezi mitatu.

Mwisho, andika daftarini tarehe na namba ya dume iliyo kwenye mrija. Mtamba atakayezaliwa Novemba atahitaji kupandishwa baada ya miaka miwili hivi, na bila namba hiyo unaweza kumpandisha kwa mbegu ya baba yake mwenyewe. Nunua daftari kabla ya kununua mbegu.