Vinanda Viwili Badala ya Ogani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Kwaya nyingi, mjini Mwanza hata visiwani Ukerewe, hazimudu bei ya ogani yenye safu mbili za vibonye. Njia nafuu ni kupanga vinanda viwili vya umeme, kimoja juu ya kingine. Kwa kuwa fedha hizo ni michango ya wanakwaya, tunawashauri wanunuzi wazingatie yafuatayo.

Kwanza, kagueni matundu ya nyuma. Mkitaka kinanda cha juu kilize sauti za kile cha chini, kama ogani inavyounganisha safu zake, chagueni vyenye matundu ya mviringo ya MIDI, ya pini tano. Vinanda vyenye tundu la USB la kompyuta pekee kwa kawaida haviunganiki moja kwa moja.

Pili, someni maandishi ya adapta. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Adapta ya volti 100 iliyotengenezwa kwa matumizi ya Japani inaweza kuungua mara ichomekwapo.

Tatu, nunueni stendi iliyoundwa kubeba vinanda viwili. Stendi nyepesi ya umbo la X huyumba.

Nne, jaribuni vyote viwili vikiwa vimeunganishwa papo hapo dukani. Muuzaji akiahidi kwamba vitaungana, aandike ahadi hiyo kwenye dhamana, nanyi mdai risiti.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mtunze risiti na dhamana: ndizo ushahidi wa lalamiko lenu.