Picha za Ziwani: Kusoma Uso wa Mbingu Ukiwa na Simu Mkononi



Masomo ya kutafakari: Lk 12:54-56, Mt 16:2-3 na Mk 4:35-41. Yasome kwanza taratibu kwenye Biblia yako, halafu urudi hapa.

Leo nataka tuongee kuhusu kupiga picha. Picha za kawaida kabisa: mitumbwi, madaraja, mawingu, ukingo wa maji. Najua mtu wa Tanga au Mwanza akisikia Singida na mitumbwi kwa pamoja atacheka, atasema huko si kwa alizeti na kuku wa kienyeji? Ni kweli bahari hatuna. Lakini mji wetu umekaa katikati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na ukienda upande wa Iramba na Mkalama unalikuta Ziwa Kitangiri lenye wavuvi wa kambale na perege. Maji tunayo. Tatizo letu ni kwamba tumeyazoea, na kitu kilichozoeleka macho hukipita bila kukiona.

Turudi kwenye somo la Luka. Yesu anawaambia makutano kwamba wao wakiona wingu likipanda kutoka magharibi, wanasema mvua inakuja, na inakuja kweli. Wakisikia upepo wa kusini, wanajua joto litakuwa kali. Ona jambo moja hapa: hawalaumu kwa kutazama hali ya hewa. Anakubali kabisa kwamba wanaijua. Anachowauliza ni kwa nini macho hayo hayo yanayolisoma anga vizuri namna ile hayasomi majira waliyomo. Kwa hiyo kutazama vizuri ni hatua ya kwanza. Asiyetazama hata wingu, hilo swali la Yesu halijamfikia bado.

Na Yesu alisema kwa hali ya hewa ya kwao. Kule magharibi ipo bahari ya Mediteranea, ndiyo maana wingu la magharibi lilileta mvua, na kusini ni jangwa, ndiyo maana upepo wake ulichoma. Ukichukua maneno yale ukayabandika Singida, hayakai sawasawa. Upepo wetu, huu unaojulikana nchi nzima, huja zaidi kutoka upande wa mashariki. Mvua tunayo ya msimu mmoja tu, kuanzia karibu Novemba au Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo ni ukame wa miezi mingi. Mkulima wa Kinyaturu ana dalili zake, na Mnyiramba ana zake. Waulize bibi na babu zako dalili hizo kabla hujapiga picha ya wingu hata moja. Utajikuta unajua unachokipiga.

Hapo tunafika kwenye picha ambayo kila mtu anayo kwenye simu yake: machweo. Kwa Singidani jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, kutegemea mwezi. Yale mawe makubwa ya matale yaliyozunguka ziwa yanakuwa meusi, maji yanakuwa kama shaba, na ukibahatika heroe, wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu, wanapita mbele ya jua. Kwa simu ya kawaida, gusa sehemu ya anga kwenye kioo, kisha shusha kale kajua kadogo kanakotokea pembeni, mpaka rangi irudi. Bila hivyo anga litatoka jeupe tupu. Haya, ufundi ndio huo, mengine utajifunza mwenyewe.

Lakini soma Mt 16:2-3. Watu wa kule waliona wekundu wa jioni wakasema kesho kutakuwa shwari, na wekundu wa asubuhi ukawa dalili ya dhoruba. Sasa jiulize, wekundu wetu wa Septemba na Oktoba unasema nini? Mara nyingi ni vumbi na moshi. Ardhi imekauka, upepo unainua udongo, na watu wanachoma nyasi na mabaki ya mashamba. Chembe hizo zikiwa nyingi hewani, mwanga wa buluu unatawanywa njiani na mwekundu ndio unaotufikia. Kwa hiyo ile picha iliyopata "likes" nyingi kuliko zote inaweza kuwa picha ya msitu unaoungua mahali fulani. Sisemi usiipige. Mimi naipiga. Nasema uisome mpaka mwisho, halafu maelezo utakayoweka chini yake yawe ya mtu aliyeisoma.

Baba Mtakatifu Fransisko aliuita waraka wake wa mwaka 2015 "Laudato Si'", maneno yaliyotoka kwenye utenzi wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Katika utenzi ule mtakatifu anamsifu Mungu kwa ajili ya upepo, kwa ajili ya mawingu na anga safi, kwa kila aina ya hali ya hewa. Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba aliutunga mwaka 1225 akiwa anaumwa macho vibaya, karibu haoni kabisa, na mwanga wenyewe ulikuwa unamuumiza. Jamani! Mtu asiyeweza kulitazama jua ndiye aliyeliita kaka. Mimi ninapoishika simu yenye kamera tatu nyuma yake, hilo linaninyamazisha.

Tuje kwenye madaraja. Ukipata nafasi, nenda Sibiti. Mto Sibiti unayatoa maji Ziwa Kitangiri na kuyapeleka Ziwa Eyasi, na daraja lake, lenye urefu wa mita 82, linaunganisha Mkalama na Meatu mkoani Simiyu. Kabla halijajengwa, mvua zikikolea, huku na kule vilikuwa mbali kweli. Ukifika pale usipige zege peke yake. Kaa pembeni nusu saa uone nani anavuka: bodaboda yenye magunia, ng'ombe, mama anayekwenda kwa ndugu zake. (Kama kuna kibao au mlinzi anayekataza picha, mtii, usianze ubishi.) Mtakatifu Katarina wa Siena, katika kitabu chake cha Majadiliano, anamwona Kristo kama daraja kati ya mbingu na dunia. Na cheo cha Kilatini cha Papa, "Pontifex", kinaeleweka kuwa mjenga daraja. Papa Leo wa XIV naye, jioni aliyochaguliwa, tarehe 8 Mei 2025, alizungumzia kujenga madaraja. Ukiwa umekaa Sibiti, lugha hiyo huisikii tena kama mafumbo ya wanateolojia.

Sasa mitumbwi, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kitangiri, asubuhi moja, nilimkuta mzee amerudi na mtumbwi wake, nyavu zimelowa, mwanga mzuri mno. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu." Nikamwomba nimpige picha. Akasema, "Mtumbwi piga. Mimi hapana." Nikamuuliza kama ninaweza kujua sababu. Akanieleza kwamba aliwahi kupigwa picha akiwa na nguo hizo hizo za kazi, na baadaye mtoto wa jirani akamwonyesha picha hiyo kwenye simu, chini yake pameandikwa habari za umaskini. "Mimi si maskini," akasema. "Mimi nilikuwa nimetoka kazini." Kisha akanipa kopo, akaniambia nimsaidie kuchota maji yaliyoingia mtumbwini. Nikaweka simu mfukoni, tukachota.

Tazama lile neno lake. Picha ile haikudanganya: nguo zilikuwa ndizo, sura ilikuwa ndiyo. Aliyeipiga alikuwa na macho ya kuona vitambaa vilivyochanika, lakini hakuwa na macho ya kumwona mtu aliyetoka kazini. Na nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ni vizuri kuijua. Ila kwa Mkristo jambo hili lilianza zamani zaidi. Kwenye Njia ya Msalaba, kituo cha sita, Veronika anaufikia uso wa Yesu uliochafuliwa kwa damu na mate. Mapokeo yanasema Yesu alimwachia sura yake kwenye kitambaa, na ndiyo maana wapiga picha wengi wanamchukua Veronika kuwa msimamizi wao. Angalia mpangilio wake: alianza kwa kuupangusa uso. Picha ilikuja baadaye, tena akapewa, hakuichukua.

Marko naye ana jicho la namna hii. Katika habari ya dhoruba ziwani hasemi tu kwamba walipanda chombo. Anasema kulikuwa na vyombo vingine pamoja nao, na kwamba Yesu alilala upande wa nyuma, kichwa juu ya mto. Mto! Dhoruba inavuma na mtu anakumbuka mto wa kulalia. Na vile vyombo vingine, waliokuwamo nao walipata utulivu ule ule ziwa lilipotulia, ingawa majina yao hatuyajui. Nikipiga picha ya mtumbwi ulio mbele, siku hizi natafuta pia ule ulio nyuma, mbali kidogo.

Zoezi la wiki hii. Kila siku piga picha tatu tu, si thelathini: moja ya anga, moja ya kitu ambacho watu wamekitengeneza kwa mikono, na ya tatu ya mtu, kwa ruhusa yake. Akikataa, piga kitu chake cha kazi kama ameruhusu, au usipige kabisa, ila andika jina lake kwenye daftari. Usiku, kabla ya kulala, fanya kama Mtakatifu Inyasi anavyotufundisha kuipitia siku yetu mbele za Mungu: fungua zile picha tatu, ya kwanza mshukuru Mungu, ya pili jiulize ni nani aliyetoka jasho pale, na kwa ya tatu sali Baba Yetu moja ukimtaja mtu huyo kwa jina, hata kama uso wake haumo kwenye simu yako. Wana VIWAWA mnaokutana Jumapili baada ya Misa, njooni na picha moja moja. Kama inawezekana isafishwe studio iwe ya karatasi, halafu baada ya mkutano ipelekwe kwa mwenyewe.