Kuondoa metapakeji bila kuharibu mfumo

Hapa Bujumbura, msimu wa memwari ukifika, naletewa kompyuta za Ubuntu zilizojaa, mwenyewe anataka KDE iondoke abaki na GNOME.

Metapakeji kama kubuntu-desktop haina programu ndani yake. Ni orodha tu ya programu zinazopaswa kuja pamoja. Ukiifuta yenyewe hupati nafasi ya maana, kwani zilizoletwa nayo bado zipo. Hatari iko kwenye autoremove, inayofuta chochote ambacho mfumo unadhani hakihitajiki tena.

Mimi huanza na jaribio:

apt-get -s autoremove kubuntu-desktop

Hiyo -s huonyesha tu, haigusi kitu. Soma kila mstari unaoanza na Remv. Ukiona network-manager au libreoffice-writer, simama. Bila ya kwanza, waifai utakayoitegemea kurudisha vilivyofutika nayo haipo! Vilinde:

sudo apt-mark manual network-manager libreoffice-writer

Rudia jaribio. Orodha ikiwa safi, ondoa -s, tanguliza sudo. Usiongeze -y, maana hujibu "ndiyo" kabla hujasoma. Kilichoondolewa huandikwa katika /var/log/apt/history.log.