Picha ya Ukutani Iwe Nakala

Picha nyingi za rangi zilizosafishwa studio miaka ya 1970 leo zimeelekea wekundu, hata zile zilizokaa albamuni bila kuguswa. Picha ya namna hiyo ina tabaka tatu za rangi: samawati, waridi iliyokolea na manjano. Katika karatasi nyingi za wakati ule, samawati ilichakaa yenyewe gizani. Karatasi za sasa zinastahimili giza vizuri zaidi, lakini mwanga bado huzipausha zote, na joto na unyevu wa miji kama Tanga au Mombasa huharakisha uharibifu. Ndiyo maana tunashauri picha ya kutundikwa iwe nakala, ile ya asili ikae gizani, pakavu. Hata nakala hiyo isibanwe moja kwa moja kwenye kioo cha fremu. Uso wa picha iliyosafishwa kwa dawa ni wa jelatini, nao ukipata unyevu hulainika na kushikana na kioo. Ukiibandua, sura ya marehemu babu hubaki kwenye kioo. Weka ukingo wa kadibodi katikati. Iliyokwisha kunata usiivute: ipige skani hapo hapo, juu ya kioo chake.

Kwa picha zinazotoka kwenye printa ya wino, muulize fundi ni wino gani. Wino ulioyeyushwa hung'aa, lakini aghalabu huvuja ukipata maji na hupauka mapema. Wenye chembe za rangi zisizoyeyuka hudumu zaidi, na kwa picha ya harusi nyongeza ya bei inastahili kulipwa. Epuka albamu zenye kurasa za gundi, na mifuko ya plastiki ya PVC, ile yenye harufu kali ya pazia jipya la bafuni.

Wapo wanaoona laminesheni inatosha. Huzuia vidole na maji, ni kweli, ila mwanga hupenya, na joto na gundi yake havirudishwi nyuma, kwa hiyo picha ya pekee isitiwe humo kamwe. Wengine huuliza karatasi ya nini ilhali simu ipo. Simu huibiwa, huharibika, hubadilishwa, na picha zikapotea zote kwa siku moja. Hata hivyo, faili la picha lina kazi yake: lihifadhi sehemu mbili tofauti, na ya ukutani ikipauka, uchapishe nyingine bila kuigusa ya asili.