Unasoma na Unafanya Kazi Hotelini? Jifunze Kupata Watu wa Kukuinua Kikazi

Kama unasoma Kisii na wikendi unarudi Birongo kubeba sahani za matoke na chapati hotelini, somo la leo ni lako. Wengi wetu huona kazi ya uweita ni ya kupata nauli na pesa ya kuprinti, basi. Kumbe kwa zamu moja unaweza kuhudumia mwalimu mkuu, mnunuzi wa ndizi, karani wa majani chai, afisa wa kaunti na mwenye matatu. Mwenzako aliyebaki hosteli hana nafasi hiyo. Swali ni hili: utajuana nao vipi bila kuharibu kazi uliyo nayo?

Wacha nianze na kosa langu.

Nikiwa mwaka wa tatu, nilikuwa weita kwenye hoteli moja. Mteja akanitumia shilingi 50 kwa simu, "ya soda." Meseji ikaingia na jina lake na namba. Nilikuwa nimemsikia akiongea mambo ya mauzo, na mimi nasomea hayo hayo. Saa nne usiku nikamtumia wasifu wangu na ombi la atachimenti. Asubuhi akampigia mwenye hoteli: "Nilimpa msichana pesa ya soda, sikumwambia anitafute." Nusura nifutwe. Na ukweli usemwe, mteja alikuwa na haki.

1. Namba ya malipo si ya kuombea kazi

Namba ya mteja ikikufikia kupitia malipo, imekufikia kwa sababu ya malipo tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zichukuliwe. Si mchezo: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Kwa hivyo, omba. Na badala ya kudai namba yake, toa yako:

"Mwalimu, samahani. Mimi nasoma ununuzi na ugavi, mwaka wa tatu. Ningependa siku moja nikuulize maswali mawili kuhusu kazi hiyo shuleni. Naweza kukuachia namba yangu?"

Akikubali, sawa. Akinyamaza, mshukuru na uondoe sahani. Usirudie.

2. Chagua wakati

Mtu mwenye njaa hasikii habari za kozi yako. Ngoja ale, alipe, awe anamalizia chai. Kama yuko na wageni au hoteli imejaa, acha. Atarudi siku nyingine, na atakukumbuka kwa huduma nzuri.

3. Sema unachotaka kwa sentensi moja

"Natafuta kazi yoyote" haimsaidii mtu kukusaidia, kwa sababu hajui akupeleke wapi. Lakini ukisema, "Nasoma uhasibu, natafuta atachimenti ya miezi mitatu kuanzia Mei," papo hapo anaweza kumkumbuka mtu anayemjua.

4. Bosi wako ndiye mtu wa kwanza

Waajiri wengi hupiga simu kwa mahali ulipofanya kazi. Watauliza nini? Unafika saa ngapi, na unashikaje pesa. Kwa hivyo:

- Usimwambie mteja, "Tuma kwangu, nitampelekea bosi." Malipo yaende kwenye till ya hoteli, hata kama ni chai ya shilingi 20.
- Hakikisha malipo kwenye simu ya hoteli. Usiamini meseji unayoonyeshwa kwa simu ya mteja, maana meseji feki zipo.
- Ukipewa ya soda, bosi ajue. Siri ndogo ya pesa huzaa shaka kubwa.

5. Fuatilia kwa heshima

Ukipewa namba, tuma ujumbe mfupi mchana, si usiku: "Habari Mwalimu, ni mimi wa hotelini Birongo, mwanafunzi wa ugavi. Asante kwa muda wako." Ukipata ushauri, utumie, kisha baada ya wiki kadhaa umwambie ulikufikisha wapi. Watu hupenda kujua maneno yao hayakupotea.

Chunga hapa

Anayekuomba "pesa ya fomu" kwa simu ndipo akupe kazi, usimtumie hata bob. Anayetaka mkutane usiku au mahali pa faragha, huyo hana habari ya atachimenti. Kutaneni mchana, mahali pa watu, na umwambie mtu wa nyumbani unakoenda.

Na mimi je? Atachimenti nilipata miezi miwili baadaye, kupitia mama yule yule mwenye hoteli. Mteja mwingine alikuwa anatafuta mwanafunzi wa kumsaidia ofisini, naye akanitaja: "Huyu, pesa yangu haijawahi kupotea mikononi mwake." Wasifu wangu alikuja kuusoma baadaye.

Kazi ya wiki hii: Andika sentensi yako moja. Mwambie bosi unachosomea, kama hajui. Kisha chagua mteja mmoja tu unayemhudumia mara kwa mara, umsubiri amalize chai.