Kuacha sigara: siku tatu za kwanza ndizo ngumu

Ukizima sigara ya mwisho, mwili hausubiri. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka. Ukitimiza mwaka, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa takriban nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hupungua kwa karibu nusu.

• Chagua siku na uwaambie wa nyumbani. Tupa pakiti, kiberiti na kisahani cha majivu.

• Jiandae kwa siku tatu za mwanzo: hasira za haraka, kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu. Usiogope, ni nikotini inatoka mwilini, na baada ya wiki chache hali hutulia. Hamu kali hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, tembea, tafuna karanga, mpigie mtu simu. Kama kahawa ya kijiweni ndiyo inayokuamshia hamu, hama kijiwe kwa muda.

• Usikimbilie shisha. Maji yake hayaondoi sumu, na Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, kisha Kenya mwaka 2017.

• Ukiteleza, anza tena siku hiyo hiyo. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu, kwani uvutaji huongeza hatari yake. Na hata kabla hujaacha, tafadhali usivute ndani ya nyumba yenye watoto: moshi huo huwaletea nimonia na kuchochea pumu.